Mikasi ya Ijumaa

Jumanne ya tarehe ishirini, mwezi wa pili, saa moja kasorobo asubuhi, lango la kiwanda cha mablanketi halikufunguliwa. Wafanyakazi walisimama nje na vyombo vyao vya chakula cha mchana mikononi, wakitazamana kama wageni waliokosea msiba. Mlinzi waliyezoea kutaniana naye alikuwa upande wa ndani, ameushika mnyororo wa lango kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa nisiseme kitu," alisema, na kwa maneno hayo akawa amesema yote.

Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja waliyemwita Mizani, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kupima marobota ya pamba. Alikuwa mgane; mkewe, fundi cherehani, alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu uliopita. Kiwanda hakikuwa kimelipa mishahara kwa miezi mitatu. Wakubwa walikula nyama, wakawaachia wadogo mifupa, na siku hiyo waliondoka hata na mifupa yenyewe.

Mizani aliporudi nyumbani alikuta barua ya benki imesukumwa chini ya mlango. Nyumba yake, vyumba viwili na sebule, ilinunuliwa kwa mkopo wa miaka kumi na tano, na hati ilikuwa bado kabatini mwa benki. Barua zote alizoea kusomewa na marehemu. Hii aliisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno. Malimbikizo yalikuwa ya miezi mitatu. Asipoyamaliza ndani ya siku tisini, nyumba itapigwa mnada. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, iliandikwa kwamba ada ya barua hiyo imeongezwa kwenye deni.

"Wananitukana, kisha wananitoza bei ya tusi," Mizani aliuambia ukuta.

Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo, maana yake gogo hata liwe nene vipi, ukilibandua kipande leo na kipande kesho, litakwisha. Mizani aliijua methali hiyo tangu utotoni. Ila aliamini imetungwa na wenye mashoka. Yeye, tangu azaliwe, alikuwa gogo.

Kesho yake alikwenda benki akiwa amekunja uso kama aliyelamba ndimu. Karani wa mikopo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimchapia orodha ya malipo yake yote. Alitaka kuikata ile karatasi ndefu kwa mkasi, mkasi ukaitafuna, akauweka kando na kuichana kwa rula.

"Baba, mbona wewe ni mlipaji mzuri," karani alisema.

"Mzuri wa wapi, na mnataka kuniuzia nyumba?"

"Tazama. Mshahara ulikatwa kila mwezi, sawa. Lakini kila Ijumaa kuna kitu kimeingia. Hapa bei ya mkate. Hapa mkate na maziwa. Miaka minne mfululizo, mpaka mwaka juzi. Mkopo wako umepungua kwa zaidi ya mwaka mzima."

"Basi zifidie hayo malimbikizo."

"Haziwezi. Zilikwenda kwenye deni kubwa. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa nani?"

Karani alitupa jicho kwenye chumba cha kioo alimokaa meneja.

Mizani aliinamia karatasi. Yeye Ijumaa alikuwa kiwandani. Aliyetoka nyumbani Ijumaa alikuwa mkewe, na kikapu chake, akisema anakwenda sokoni. Alikuwa akirudi na nyanya tatu na kitunguu kimoja, na Mizani akimsimanga kwamba ametembea mguu mrefu kwa mzigo mfupi. Mkewe alijibu tu, "Bei zimepanda, mume wangu."

Kidole chake kilishuka taratibu mpaka mwisho wa Ijumaa hizo, kikasimama. Marehemu alizikwa Jumatano, tarehe tatu ya mwezi wa nane. Chini ya tarehe hiyo kulikuwa na Ijumaa tano nyingine, zimelipwa moja baada ya moja.

"Maiti hapangi foleni," Mizani alisema. "Hizi alileta nani?"

"Mfumo hauandiki jina la mletaji, baba. Unaandika namba ya mkopo tu."

Tangu hapo hasira yake ilipata mwenzake: udadisi. Alitoka benki akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeshona nguo kwenye baraza la duka la vitambaa.

"Shemeji, leo umepotea njia au njaa imekuelekeza?" mwanamke huyo alimpokea, bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Nyamaza kwanza. Dada yako alikuwa anapata wapi pesa za Ijumaa?"

Shemeji alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Kwani hukujua? Alikuwa ananoa mikasi. Ya mafundi, ya vinyozi, ya mtaa mzima huu. Wewe ukitoka asubuhi mikasi inaingia, ukirudi jioni mikasi imeshakwenda kwa wenyewe."

"Miaka minne?"

"Mwanamume anayejua uzito wa robota kwa kulitazama, ndani ya nyumba yake haoni hata mkasi."

Mizani alilimeza hilo kama dawa chungu. "Na Ijumaa tano za baada ya mazishi? Ulilipa wewe?"

"Mimi niliyekuwa nadaiwa hadi na muuza vifungo? Ningetoa wapi?"

"Basi nani?"

Shemeji alipiga mshono mrefu kuliko nguo ilivyohitaji. "Ukimjua, na mimi nijulishe."

Alasiri hiyo Mizani alifungua mtoto wa meza ya cherehani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuta kinoo kilicholika katikati, kichupa cha mafuta, mkasi wa marehemu, na kalamu tatu nene za wino wa buluu, zimechakaa ncha. Kinoo alikielewa. Kalamu zilimshinda. Mkewe alichora vitambaa kwa chaki, na barua hakumwandikia mtu. Za nini?

Aliziacha kalamu, akaazima mkasi wa shemeji wa kujaribia. Aliunoa kama anavyonoa panga, nje na ndani, mpaka ukang'aa pande zote, akamrudishia. Baada ya muda si mrefu shemeji alikuja mwenyewe mlangoni, mkasi mkono mmoja, kitambaa kilichosagika mkono wa pili.

"Shemeji, nilikupa mkasi, umeniletea koleo. Haukati, unabana."

"Makali si hayo hapo?"

"Makali yapo. Yamegombana. Dada hakuwa anagusa ndani."

Alipoondoka, Mizani aliuchukua mkasi wa marehemu akaupeleka dirishani. Aliugeuza na kuugeuza. Uso wa ndani, pale vyuma viwili vinapopishana, ulikuwa laini haujaguswa na jiwe. Ukingo wa nje tu ndio ulionolewa. Na ndani ya ufa wa skrubu, penye giza ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki, palikuwa na doa la buluu.

Alikaa kitako. Kisha alichukua kalamu, akaupaka wino ukingo wa nje wote, akauvuta juu ya kinoo mara tatu, akautazama. Pale jiwe lilipogusa, wino ulifutika. Pale lilipopita hewani, buluu ilibaki. Akaulaza mkono kidogo, akavuta tena, mpaka buluu yote ikatoweka sawasawa. Kwa mtu aliyeishi na mshale wa mizani miaka ishirini na miwili, lugha hiyo haikuhitaji mkalimani. Wino ulikuwa mshale. Uliusema ukweli wa mkono.

"Mwanamke wewe," aliiambia droo.

Alirekebisha mkasi wa shemeji kwa siku mbili, bila malipo. Baada ya hapo alizunguka na kinoo mtaani. Bei ilikuwa ndogo, lakini mikasi ilikuwa mingi, na kila mmoja ulimpa jambo la kushangaa. Alijifunza kuutambua uliokata karatasi kwa siri, uliofungulia makopo, ulioangushwa ukasingiziwa uchakavu. Kinyozi wa kona alilalamika hivi:

"Mzee, zamani nilikuwa nang'oa nywele, wateja wakawa macho, tunapiga soga. Sasa nakata, wanalala. Umeniulia kijiwe."

"Nikurudishie butu?"

"Lete hapa huo mkasi."

Na kila aliyemnolea alimuuliza swali lilelile: Ijumaa tano baada ya mazishi, ni wewe uliyelipa? Kinyozi alikana. Mwenye duka la vitambaa alikana. Fundi wa magodoro alisema angependa kuwa ni yeye, lakini siye. Mizani aliwatazama machoni kama alivyotazama ukingo wa chuma, asione buluu popote.

Kila Ijumaa alipeleka alichopata, na safari hii karani alikiandika kwenye malimbikizo. Benki nayo haikulala. Ilimtumia barua mbili zaidi za kumkumbusha asichokuwa amesahau, kila moja na ada yake. Yeye alibandua kutoka huku, wao walibandika kutoka kule. Siku ya tisini iliangukia Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia Mizani alisimama mbele ya karani, akamwaga mfuko wake wote. Karani alihesabu mara mbili, akavua miwani.

"Umepungukiwa, baba. Ni ada za barua hizi mbili."

Meneja alitoka kwenye chumba chake cha kioo, ameitwa na ukimya wa foleni.

"Kuna nini?"

"Amekaribia kabisa, bosi. Pengo ni dogo mno."

"Pengo ni pengo. Likibaki Jumatatu, faili linakwenda kwa dalali. Mimi sikuutunga utaratibu."

"Wala mimi sikuziomba barua," Mizani alisema. Alitaka kuongeza maneno aliyoyalimbikiza kwa miaka, juu ya malango yanayofungwa na watu wasioonekana na ada zinazoandikwa kwa herufi za chawa. Lakini macho yake yalikuwa yameangukia kitu kingine. Karani, ili asilie mbele ya watu, alikuwa anakata kipande cha karatasi, na mkasi ulikuwa unaitafuna.

"Mama," Mizani alisema, "humu ndani mnayo mikasi mingapi?"

Karani alielewa kabla ya meneja. Alizunguka kwenye meza zote, akarudi na mikasi sita. Mizani alitoa kinoo mfukoni, akakiweka juu ya gazeti kwenye kaunta, akachomoa kalamu ya buluu. Watu wa foleni walisogea kuona. Hakuna aliyelalamika kucheleweshwa. Kila mmoja alitaka kujua wino una kazi gani kwenye chuma. Mkasi wa sita ulikuwa wa meneja mwenyewe, mrefu, wenye vipini vya rangi ya dhahabu.

"Huu umekata nini?" Mizani aliuliza.

"Utepe," meneja alijibu. "Tulipofungua jengo."

"Ndiyo maana. Huu haujachoka, umezembea."

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa kicheko. Meneja aliingiza mkono mfukoni, na makarani nao wakaingiza yao, kila mtu akalipa bei ya mkasi wake. Mikasi mitano iliziba pengo. Wa sita ulibaki kuwa nauli. Karani aliikata stakabadhi kwa pigo moja, ukingo wake ukanyooka kama uzi uliovutwa.

Faili halikwenda kwa dalali. Deni kubwa lilibaki, lakini Ijumaa zilikuwa bado zinakuja, na mikasi haiachi kuwa butu. Baada ya miaka miwili na miezi saba Mizani aliitwa benki, akakabidhiwa hati ya nyumba ndani ya bahasha, bila barua wala ada.

Alipofika nyumbani aliiweka hati kwenye mtoto wa meza ya cherehani, pamoja na kinoo na kalamu. Karibu yake aliilaza ile orodha ya zamani iliyochanwa kwa rula. Mtaa mzima alikuwa ameuuliza. Hata mlinzi wa kiwanda, ambaye sasa aliuza karanga, aliulizwa. Wengine waliapa, wengine walitabasamu, shemeji alipiga mshono mrefu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lake limekwisha, limebaki vumbi la kufagia. Lakini zile Ijumaa tano, yeye akiwa amejifungia na kilio chake, ni nani aliyekuwa ameshika shoka?