Lori la Chaula na Kwaya Mbili

Kamwene, wapendwa! Naona mmeitika huku mikono iko mifukoni. Msiitoe. Kisa cha asubuhi hii ni cha baridi, tukisikilize hivyo hivyo.

Kulikuwa na dereva mmoja kule Makete, jina lake Chaula, mwenye lori la dizeli la kubebea viazi. Lilikuwa zee, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, lakini mchana wa jua lilipanda milima bila kunung'unika. Shida yake ilikuwa mwezi wa saba. Mnaujua mwezi wa saba wa huko. Umande unaganda juu ya majani unakuwa mweupe kama chumvi, na dizeli inakuwa nzito kama uji uliolala. Asubuhi Chaula akipiga stata, lori linaguna kama mzee aliyeamshwa akachote maji: ng'oo, ng'oo, halafu kimya.

Kwa hiyo alikuwa analilaza juu kilimani, kwenye tambarare fupi ambapo barabara inashuka pande zote mbili. Mbele inashuka kwenda mjini, nyuma inashuka kurudi kijijini. Ukilisukuma kidogo likapata mteremko, yeye anaachia klachi, linawaka.

Sasa, siku hiyo lilikodiwa na kwaya mbili za usharika mmoja, ziende mjini kuimba kwenye sikukuu ya jimbo. Kwaya mbili zilizokuwa hazisalimiani. Kisa? Msiniulize mimi, maana hata wao walishakisahau. Kilichobaki ni kununiana. Moja iliongozwa na Mzee Mtewele, mwenye besi ya kutikisa vioo vya kanisa. Nyingine iliongozwa na Mama Mbwilo, ambaye akipandisha sauti ya kwanza, mbwa wa mtaa mzima wanamwitikia. Wakapanda lori. Kwaya hii ikakaa kushoto, ile ikakaa kulia, na katikati ikabaki nafasi ya kulaza ng'ombe.

Ukungu ulikuwa mzito, mtu aliye hatua chache mbele yako humwoni, unasikia kikohozi chake tu. Mara kutoka kwenye ukungu huo akatokea Enesia. Alikuwa mke wa Eliudi, mwimbaji wa Mzee Mtewele, na alikuwa mjamzito. Alimwacha mumewe aende akaimbe, kwa kuwa walidhani siku bado. Eliudi alipotoka tu nyumbani, uchungu ukaanza.

"Eliudi," aliita, ameshika kiuno. "Mtoto wako hataki kusubiri sikukuu."

Wakampandisha mbele, kando ya dereva. Hospitali ilikuwa huko huko mjini. Chaula akamtazama yule mama, akautazama ufunguo, akaguna kabla lori halijaguna.

"Jikaze mama, linawaka sasa hivi."

Ng'oo. Ng'oo. Kimya.

"Shukeni mnisukume!" alipiga kelele dirishani.

Hakusema mbele, hakusema nyuma. Alidhani kila mtu anajua. Watu wakashuka haraka, maana waliipenda kazi hiyo: kulikuwa na mama wa kuokoa, na pia kusukuma kunapasha mwili joto. Mzee Mtewele akawapeleka watu wake nyuma ya lori. "Gari husukumwa kutoka nyuma," alisema, "tangu dunia iumbwe."

Mama Mbwilo naye alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia lori hilo hilo liligoma, likaja kuwaka kwa kurudi nyuma, kwenye ule mteremko mkali wa kijijini. Akawachukua watu wake akawapeleka mbele, wakaegemeza mabega kwenye pua ya gari.

Mnaniangalia hivyo kwa nini? Mnasema, si wangeulizana? Ndugu zangu, waulizane vipi na hawasalimiani?

"Moja, mbili, tatu!" ikanguruma besi huku nyuma.

"Moja, mbili, tatu!" ikalia sauti ya kwanza kule mbele.

Lori likatikisika, likalia vyuma, likabaki pale pale.

Na msidhani hawakusikiana. Walisikiana vizuri sana. Mzee Mtewele alisikia sauti upande wa pili akawaambia watu wake, "Mnawasikia? Sisi tunavunjika migongo, wao wamesimama huko wanahesabu tu." Mama Mbwilo naye akasema, "Wasikieni wale. Kazi yao kelele. Sukumeni, tuwaonyeshe kwaya ni ipi!" Basi kila upande ukasukuma kwa hasira. Kadiri hawa walivyoongeza nguvu, ndivyo lori lilivyokuwa zito kwa wale. Mmoja wa nyuma akateleza akala tope. Mwingine akaanza kukemea: "Toka, pepo wa lori hili! Toka!"

Shetani wa watu! Kwa baridi ile sidhani kama alikuwa ameshatoka hata kitandani.

Ndani ya gari kioo cha mbele kilikuwa na barafu kwa nje na pumzi kwa ndani. Chaula haoni kitu. Anashikilia klachi, anangoja gari lisogee. Sauti za mbele alidhani ni watu wanaoondoa mawe kwenye magurudumu. Enesia amebana meno. Uchungu ulipopoa kidogo akasema, "Baba, hili gari linasukumwa au linapigwa mieleka?"

"Vumilia mama. Watu wote wako kazini."

"Niteremshe."

"Uende wapi katika hali hiyo?"

"Niteremshe nikaione hiyo kazi."

Akateremka, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukipapasa ubavu wa lori. Akaenda mbele. Akamkuta Mama Mbwilo ameegemeza shavu kwenye pua ya gari, kilemba kimemwangukia usoni, anasukuma kwa moyo wake wote. Enesia akauona upande anaosukumia. Akageuka, akafuata ubavu ule mpaka nyuma, akitua kila maumivu yalipomshika. Akamkuta mumewe ameegemeza mgongo kwenye lori, visigino vimezama kwenye tope, jasho linamtoka kwenye baridi ya kugandisha umande.

"Eliudi. Unasukuma kwenda wapi?"

"Mbele, mke wangu! Mjini! Rudi ndani, linakaribia!"

"Na Mama Mbwilo anasukuma kwenda nyuma."

Eliudi akahema. "Mama Mbwilo yuko wapi?"

"Upande wa pili wa lori hili hili."

Kimya kikaanzia kwa Eliudi, kikamfikia Mzee Mtewele, kikapita ubavuni hadi mbele. Pande zote zikaacha kusukuma, zikatoka kwenye ukungu, zikakutana uso kwa uso.

Je, walitubu? Je, waliangua kilio? Thubutu! Mzee Mtewele alisema, "Kumbe ni ninyi!" Mama Mbwilo akasema, "Kumbe ni ninyi!" Wakaanza mjadala, wapendwa. Mbele ndiyo sahihi, hapana, nyuma ndiyo sahihi, na nani alimruhusu nani kushika gari. Wakajadiliana mpaka Enesia alipoudaka mkono wa Mzee Mtewele kwa uchungu, akaubana kiasi kwamba ile besi ikatoka kama sauti ya kwanza.

"Hospitali iko kule," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Mtakaobaki mkijadiliana, bakini. Wengine nisukumeni."

Hapo ndipo Eliudi akampandisha tena kando ya dereva, na wote wakaja nyuma, kushoto na kulia wamechanganyika, bega la huyu kwenye bega la yule. Hawakuhitaji hata kuhesabu hadi tatu. Lori liliteleza kama lililokuwa linawasubiri, likashika mteremko, Chaula akaachia klachi, likakohoa, likatema moshi mweupe, likawaka! Wakalikimbilia, wakarukia, wakavutana juu. Na Enesia akajifungua salama hospitalini, mtoto wa kike, mwenye mapafu ya kuimba bila kipaza sauti.

Mngependa niishie hapo, niseme amina. Lakini ikaja Jumapili ya shukrani. Enesia akaletwa mbele na mtoto wake, na mchungaji akauliza nani ana neno. Mzee Mtewele akasimama: "Tumshukuru Mungu kwa nguvu aliyoipa kwaya yetu kulisogeza gari lile." Mama Mbwilo akasimama kabla hajaketi: "Na tumshukuru kwa kwaya yetu, tuliolishikilia lisiporomoke kabla ya wakati!"

Watu wakapiga makofi. Makofi ya kushoto, na makofi ya kulia.

Enesia akangoja yaishe. Akasema kwa upole, "Wazee wangu, mlisukuma kwa nguvu, niliona kwa macho yangu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani. Baridi ilizuia injini. Gari mlilizuia ninyi."

Akarudi kukaa.

Sasa msigeuke kumtazama jirani. Ninasema na sisi. Ni mara ngapi baba anamsukuma mtoto huku, mama anamsukuma kule, wote wanampenda, wote wanatoka jasho, na jioni wote wanalalamika kwamba mtoto huyu ni mzito? Ni mara ngapi katika usharika wetu tunamsikia mwenzetu upande wa pili, tukasema yule ni kelele tu, kumbe naye bega lake liko kwenye chuma kile kile? Tunafunga, tunakemea mapepo, tunasema mambo ya Mungu ni magumu siku hizi. Hatusemi kwamba hatujaulizana tunakwenda wapi.

Na huko ndani, wapendwa, daima kuna mtu. Anasikia tunavyohesabu moja, mbili, tatu. Anangoja.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujaegemeza bega, zunguka gari kwanza. Ukimkuta mwenzako upande wa pili ana tope usoni, usimfundishe kusukuma. Mwambie, "Ndani kuna mgonjwa. Twende upande gani?"