Mpagazi Asiyejua Kurudi

"Ukimtuma asiyeuliza, mwagize na kurudi." Mmeisikia methali hii sasa hivi, na mmenikodolea macho mkitaka kujua ilitoka wapi. Nitawaambia, na kila neno ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje, ulimi huu uvimbe nishindwe kumeza uji. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na ofisi ndogo hapa Njombe, juu ya duka la mbolea, iliyosafisha sauti za kanda za zamani. Kazi ilifanywa na wakala wa akili mnemba, mtumishi asiye na mwili, ndani ya kompyuta pepe: yaani kompyuta ya kuwaziwa tu, iliyomo ndani ya kompyuta ya kweli, ambayo ikizimwa hufutika pamoja na vyote vilivyomo. Wakala alipeleka mafaili huko kwa chombo kilichoitwa Mpagazi. Mpagazi habakizi nakala. Akibeba mzigo, ulipotoka panabaki peupe.

Maelezo ya kutumia Mpagazi yaliandikwa na Sekunda Mgaya. Aliyaandika yasomwe na wakala, si na watu, na alijivunia ufupi wake. Hatua tatu: peleka mafaili, yasafishe, zima kompyuta pepe. Chini akaongeza: ukishaanza, usipokee agizo jingine mpaka umalize. Hilo aliliweka makusudi, maana wenzake walikuwa na tabia ya kumkatiza wakala katikati ya kazi.

Asubuhi moja ya baridi akaja Mzee Ngailo na kanda ya marehemu mama yake. Picha hakuacha hata moja. Ilibaki sauti hiyo tu. Kanda ilikuwa imechoka. Ilipomaliza kunakiliwa ikakatika, na mashine ikaitafuna kama mbuzi aliyepata ganda la ndizi. Sasa mama mzima alikuwa ndani ya mafaili kumi na moja. Sekunda akamkabidhi wakala kazi, akamvutia mzee kiti.

"Anaosha sauti huko ndani," akamweleza. "Vipande kumi na kimoja. Hicho cha tano."

"Na akimaliza?"

"Anazima."

"Sawa. Na mama anatoka saa ngapi?"

Sekunda akacheka kidogo, akafungua maelezo amwonyeshe. Akasoma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kicheko kikamkauka. Hakuna mahali alipoandika kurudisha. Nani humtuma mtoto mashineni kusaga akamwambia pia arudi na unga? Lakini huyu hakuwa mtoto wa mtu. Kipande cha saba.

Akamwandikia upesi: Simama. Wakala akajibu kwa adabu kwamba ameshaanza, na kwa mujibu wa maelezo hapokei agizo jingine. Cha nane.

"Mwanangu, kuna nini?"

Akamwambia ukweli, kwa kuwa hakuwa na muda wa kutafuta uongo. Mzee hakupandisha sauti. Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Huyo mtumishi wako humsikiliza nani?"

"Hamsikilizi mtu. Husoma maelezo tu, upya, kila anapoanza hatua nyingine."

"Basi usihangaike kusema naye. Andika."

Cha tisa. Kati ya hatua ya pili na ya tatu Sekunda akaandika: Rudisha mafaili.

"Wapi?" mzee akauliza, akichungulia begani.

"Hapa ofisini."

"Anapajua ofisini? Nimekuwa tarishi miaka thelathini, binti. Barua isiyo na namba ya sanduku haifiki."

Akafuta. Akaandika jina la kompyuta yake, jina la folda, na idadi: mafaili kumi na moja. Kipande cha kumi.

"Na moja likikwama njiani?"

Akaongeza: Yahesabu yakishafika. Yasipotimia, usizime. Akahifadhi, na papo hapo kipande cha mwisho kikaisha.

Kioo kikatulia. Yakatokea maneno mawili: Nasoma maelezo. Sekunda akashika ukingo wa meza. Kisha mafaili yakaanza kutua kwenye folda, moja baada ya jingine, mpaka la kumi. Hapo yakakoma. Wakala akahesabu, akaona pungufu, hakuzima. Akarudi ndani, akatoka na la kumi na moja.

Mzee akaomba asikilizishwe hilo hilo lililochelewa. Sauti ya mwanamke ikatoka, kali, kama yuko jikoni: "We Festo, acha hicho kiredio ufunge mlango, kuku wanakula mbegu."

"Naam, mama," akasema Mzee Ngailo, na alikwisha kuinuka nusu. Akakaa, akafuta macho kwa kofia. Ndipo akamgeukia Sekunda, akatamka maneno yale mliyoyasikia.

Nilipofika hapo, binti mmoja kati ya vijana walionisikiliza, Tulizo, akainua mkono.

"Babu, Sekunda Mgaya ni mama yangu."

Nikakohoa.

"Hii hadithi huisimulia kila Krismasi. Anasema yale maelezo ya hatua tatu uliyaandika wewe. Yeye ndiye aliyeyarekebisha, na wewe ulikuwa umejifungia chooni."

Sikuwa na pa kutokea. Wenzake walinitoza faini hapo hapo: chai ya maziwa na maandazi ya watu sita. Nikampa Tulizo pesa aende kwa Mama Enesi, muuza chai. Akafika mlangoni, akasimama na pesa mkononi, ananitazama, haulizi neno.

"Haya," nikasema. "Nenda, nunua, yahesabu maandazi yawe kumi na mawili, kisha urudi nayo hapa, juu ya meza hii."

Akatoka. Nami nikawaambia waliobaki wakicheka: Ukimtuma asiyeuliza, mwagize na kurudi.