Jina la Binti wa Fundi Mhina

Hapo zamani, na sisemi zamani zile za wanyama kuzungumza, maana hii ni hadithi ya watu wenye midomo waliokataa kuzungumza, alikuwepo fundi cherehani pale Muheza, jina lake Mhina.

Mhina alikuwa fundi kweli kweli. Futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Alipima mabwana harusi, alipima walimu, alimpima hata diwani, na tumbo la diwani yule lilitaka futi mbili ziungwe.

Siku moja akataka kumfurahisha mkewe, Zawena. Sandukuni kulikuwa na kitenge alichoachiwa Zawena na marehemu mama yake, hakijaguswa na mkasi. Mhina akakitoa kimyakimya, akakata, akashona gauni. Lakini hakumpima mtu. Alishona kwa kumbukumbu. Kumbukumbu ya lini? Ya siku ya harusi, miaka kumi na moja nyuma!

Zawena akalijaribu dukani, wateja wanaangalia. Likapita kichwani. Likapita mabegani, kwa taabu. Likafika nyonga, likasema prrraa!

"Fundi," akasema Zawena, "mji mzima unaupima. Mimi mara ya mwisho kuniangalia ilikuwa lini?"

"Nilitaka kukushtukiza, Mama Kidawa."

"Umenishtukiza. Na kitenge cha mama umekiua."

Wateja wakacheka. Mhina akaona ameaibishwa mbele za watu. Zawena akaona miaka yote ile ameishi na mtu asiyemwona. Wakanuniana. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili, kimya. Mwezi wa tano, kimya vilevile.

Lakini nyumba haiendi bila maneno, jamani. Maneno yakabebwa na binti yao Kidawa, mwenye miaka tisa.

"Kidawa, mwambie baba yako chai iko mezani."

Na baba mwenyewe kaketi hapohapo, kiwiko kinagusa kikombe!

"Kidawa, mwambie mama yako sukari imezidi."

"Kidawa, mwambie baba yako akanywe kwa mama yake."

Naye akaenda kweli. Mama yake, Bi Mwanjaa, alikaa ng'ambo ya ua, na huko sukari haikuzidi hata siku moja.

Mwezi wa saba Kidawa akaamka hana sauti. Si kwamba imekauka, haipo. Daktari akamulika koo, zima. Akamulika tena, zima.

"Sina dawa ya koo zima," akasema. "Nendeni kwa Bi Nambua."

Bi Nambua alikuwa mshauri wa familia, mama wa Kipare, mfupi, mwenye chumba nyuma ya zahanati. Humo mlikuwa na viti vitano, na sindano hata moja hamna. Mhina akamsukuma mtoto ndani.

"Mgonjwa huyu hapa, mama. Tuje tumchukue saa ngapi?"

"Mgonjwa bado simjui," akajibu Bi Nambua. "Ingieni wote. Na yule bibi aliyejificha nyuma ya mwavuli, naye aingie."

Akawapa sharti moja tu. "Humu mtu hajisemei. Kila mmoja aseme anachokiona kwa mwenzake."

Jumanne ya kwanza wakakaa kama watu wanaongoja kung'olewa meno. Jumanne ya pili, meno yaleyale. Jumanne ya tatu Bi Nambua akamgeukia bibi.

"Bi Mwanjaa, hawa wawili wasiposemezana, nani anapata raha?"

Bi Mwanjaa akautazama mwavuli wake kama vile jibu limeandikwa kwenye mpini.

"Mimi," akasema. "Leo navunja sharti lako, Bi Nambua, najisemea. Mwanangu alirudi kula kwangu. Nikazidisha nazi makusudi, asiondoke. Zawena, nisamehe."

Mhina akainuka, akavua futi shingoni, akapiga goti mbele ya mkewe.

"Mama Kidawa, naomba nikupime."

Zawena akasimama.

Dukani kwao siku zote, Mhina hupima na kutaja namba, Kidawa huandika daftarini. Siku ile, mle chumbani mwa Bi Nambua, Mhina akazungusha futi nyongani mwa mkewe, akafungua kinywa, kilio kikamkaba. Namba haitoki. Ndipo Kidawa akainama, akasoma, akapaza sauti:

"Arobaini na tatu!"

"We mtoto!" Zawena akaruka. "Zahanati nzima imesikia!"

Akacheka, akalia, akacheka tena, akamkumbatia mwanawe mpaka futi ikawafunga wote watatu. Wakarudi nyumbani wakisema wote kwa mpigo, hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Raha tupu!

Baada ya miezi kumi nyumba ikapata mtoto wa kike. Hesabu kafanyeni wenyewe. Kilichobaki cha kitenge kile kikawa nguo ya kumfunikia.

Siku ya saba wageni wakajaa, pilau ikaiva, shehe akafika. Katika ukoo ule, anayempa mtoto jina ni mtu mmoja, na kupewa nafasi hiyo ni shukrani kubwa kuliko zote: mtoto atakuwa wake wa moyo mpaka kufa.

"Atampa jina mama yangu," akasema Mhina.

"Atampa Bi Nambua," akasema Zawena.

"Mama yangu!"

"Bi Nambua!"

Sauti zikapanda. Zawena akageuza shingo. "Kidawa, mwambie baba yako..."

Kidawa akajishika koo. Zawena akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Bi Nambua akaweka sahani yake chini. "Sharti," akasema. "Mnalikumbuka?"

Wakalikumbuka. Zawena akavuta pumzi.

"Basi mimi namsemea mama mkwe. Kukiri kosa mbele ya mkamwana, katika umri ule! Asingekiri, tungekuwa tunaangaliana mpaka leo. Ahsante, mama. Ampe jina yeye."

Mhina akajifuta uso kwa futi.

"Na mimi namsemea Bi Nambua. Nilimpelekea mtoto mmoja atibiwe, akaitibu nyumba nzima, na hakutunyooshea kidole. Asingetuingiza wote, mama angekiri kwa nani? Ahsante, dada. Ampe jina yeye."

Bi Mwanjaa akagonga mwavuli chini.

"Mimi namsemea mjukuu wangu. Sisi wakubwa tulimtwisha maneno yetu, yeye akayatua. Asingenyamaza, nani angejua tunaumwa? Na nani alisema mwanzo, sisi sote tulipokwama? Ahsante, mjukuu wangu. Ampe jina yeye."

Watu wakamgeukia Kidawa. "Haya, binti, na wewe unasemaje? Tumwambie shehe nani?"

Kidawa akamchukua mdogo wake, akamlaza begani, akatabasamu.

"Mimi sibebi tena maneno ya mtu," akasema. "Waulizeni wageni."

Na wageni ndio nyinyi mliokaa hapa. Pilau inapoa, shehe anatazama saa, mtoto anapiga miayo hana jina. Bibi aliyekiri, mshauri aliyewakusanya, au binti aliyenyamaza kisha akasema?

Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?