Arobaini ya Jua

Hapo zamani, zamani ambayo hata zamani yenyewe ilikuwa haijazaliwa, vitu vyote vilikuwa punje moja. Ndogo kuliko punje ya ulezi! Mbingu ilikuwa humo, nyota zilikuwa humo, mimi na wewe tulikuwa humo tumebanana. Punje ikafunguka, fyuu! Ikatanuka, ikatanuka, na hadi leo bado inatanuka. Aliyeifungua ni Mwenyezi Mungu, na siri ni yake. Kisa changu ni cha baadaye, mbingu ilipokwisha kuwa mtaa wenye majirani.

Katika mtaa huo aliishi mwanamke aitwaye Somoe. Wenzake wote walikuwa na watoto nyota: huyu anaitwa Mama Kimulimuli, yule Mama Saba. Somoe alikuwa Somoe tu. Tena watoto walimwita Shangazi Gundi, maana alichokishika hakikubanduka.

"Shangazi Gundi, usitushike mkono, tutalala kwako!"

"Njooni niwakumbatie basi!" Watoto mbio, naye anacheka. Lakini akiingia ndani, kile kicheko hakuingia nacho.

Siku moja nyota kongwe wa mtaani, Bi Shinuna, mnene, mwekundu, akamwita.

"Somoe mjukuu wangu, mimi napasuka."

"Bibi, usiseme hivyo!"

"Hebu nisikilize. Maisha yangu yote nimepika humu tumboni: chuma, chumvi, dhahabu. Nikipasuka, usifagie. Kusanya."

Akapasuka. Puu! Alipopasuka alipiga ukelele wa maneno, lakini kwa kishindo kile nani angeyasikia? Maneno yakaenda zake kuzunguka mbingu. Vumbi likatimka, mtaa mzima ukapiga chafya.

Somoe akashika punje moja. Ya pili ikaja, ikanata. Ya tatu ikaja, ikanata. Kusanya, kumbatia. Kusanya, kumbatia. Majirani wakachoka kumwangalia akililea bonge lake la vumbi kama mtoto, yeye hakuchoka. Kusanya, kumbatia.

Akapita Chiku, mcheza ngoma, kiuno hakitulii hata akila.

"Wee Somoe! Mtoto gani huyo habembelezwi? Kila punje unamshindilia yeye, hata ndugu hutaki awe nao?"

"Chiku dada yangu, mimi najua kushika tu."

"Na mimi najua kuzungusha. Lete!"

Chiku akazungusha, Somoe akakumbatia. Zungusha, kumbatia. Zungusha, kumbatia. Wingu la vumbi likalala bapa kama chapati. Katikati mtoto; pembeni punje zilizokuwa zikikimbia duara zikashikana, zikawa wadogo zake. Mmoja bonge mwenye mistari, mmoja kavaa pete, na kimoja kidogo, cha tatu kutoka kwa kaka yao, kina maji maji. Hicho ndicho tulichokalia.

Somoe akakaza mikono. Mtoto akapata joto. Akakaza tena. Mtoto akashika moto, paa! Jua likazaliwa, na vigelegele vikapigwa hadi pembe za mbingu.

Sasa, desturi ya mtaa ule mtoto hatolewi nje kabla ya arobaini. Na anayevuka naye kizingiti ndiye mama. Jina atakaloitwa hapo ndilo lake milele. Siku ilipofika, Somoe alivaa kanga mpya, akajifukiza udi, akambeba Jua. Midomo yake ilikuwa inalijaribu jina polepole: Mama Jua. Mama Jua. Nje wanawake wanaimba, "Mtoeni tumwone!" Akanyanyua mguu avuke.

Chiku akatia mkono mlangoni. "Shoga, unakwenda wapi na mwanangu?"

"Mwanao! Wewe si ulikuwa unapita tu?"

"Nilipita, nikabaki. Nisingemzungusha, wadogo zake wangepatikana wapi? Hata leo nikiacha, wote watamwangukia waungue. Mama wa ndugu wote hao ni nani kama si mimi?"

"Na mimi nikimwachia kidogo tu, atatawanyika awe vumbi tena! Chiku, mikono hii haijapumzika tangu punje ya kwanza. Aliyemkumbatia hadi akawaka ni nani?"

Jua, katikati yao, linacheka tu na kurusha miguu.

Basi hapo hapo ule ukelele wa Bi Shinuna ukawa umemaliza kuizunguka mbingu. Ukaingia kwa dirisha la nyuma, mzima, na kicheko chake cha kukoroma:

"Jamani eee! Mimi sifi, najifungua! Nimembeba tumboni kabla nyinyi hamjamwona. Chuma chake changu, chumvi yake yangu. Mwambieni mwanangu mama yake ni Shinuna!"

Mama Saba akachungulia pale mlangoni: "Makubwa! Mama watatu, kizingiti kimoja!" Mtaa mzima ukaangua kicheko, hata Chiku akacheka, hata Somoe, machozi yakimdondoka na kuchemka juu ya mtoto, tsss.

Lakini mguu wake bado uko juu, haujavuka wala haujarudi.

Haya, nyie mnaocheka, mwambieni aukanyage wapi. Aliyempa mwili akafa, aliyemshika asimwachie, au aliyemzungushia ndugu? Je, nani alistahili kuvuka na Jua na kuitwa Mama Jua?