Mwanafunzi wa Kwanza wa Bi Mize

Sogeeni, wenzangu, hadithi imebisha hodi.

Bi Mize, mjane aliyedaiwa kuwa na nuksi, alitangaza kuwafundisha kupiga ngoma watu wasioijua kabisa. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Ya tatu likaja zimwi.

"Nifundishe," likanguruma. "Ukinicheka, nakumeza!"

Likapiga ngoma, pu! Ngozi ikapasuka. Bi Mize akawamba nyingine. Pu! Ikapasuka. Akawamba ya tatu, kisha akaushika mkono ule wenye manyoya. Tangu mumewe afariki hakuwa ameshika mkono wa yeyote.

"Taratibu, mwanangu. Vidole tu."

Ti-ti-ti, ngoma ikalia. Zimwi likatokwa na machozi.

"Kesho nije?"

"Njoo."

Wanakijiji hawakuja kamwe. Lakini kila jioni zilisikika ngoma mbili zikiitikiana, na hadithi yangu ikalala hapo.