Hariri ya Mama Gerwina

Mwanamke mmoja alikuwa na chumba cha mawe kilichoshikana na ukuta wa kanisa, zamani sana, katika nchi ya baridi. Jina lake Gerwina. Aliingia humo kwa hiari yake ili asali, na mlango ukazibwa kwa mawe nyuma yake. Kikabaki kidirisha kimoja cha kupitishia mkate na maji.

Kwa miaka kumi na tisa watu walimwendea kidirishani. Waliogombana aliwapatanisha, waliofiwa alilia nao. Kijiji kikapata sifa, na wanakijiji wakavimba vichwa utadhani wao ndio waliokuwa wakifunga na kukesha.

Ikaja baridi mbaya, Gerwina akaanza kukohoa damu. Akamwomba Hadwisa, mjane aliyempelekea mkate, amtafutie blanketi. Hakuwa amewahi kuomba kitu kingine. Hadwisa akaenda kwa wazee wa kanisa, akawakuta wameuzunguka moto. Wakamjibu bila haya kwamba mtakatifu akipata joto utakatifu wake utapungua, na kijiji kitakosa baraka. Nasimulia jambo hili damu ikinichemka. Waliogopa kupona kwake kuliko walivyoogopa kifo chake!

Hadwisa akavua shali yake mwenyewe, akaisukuma ndani. Mzee mmoja akaja akaivuta nje kwa fimbo. Siku ya nne Gerwina akakata roho.

Hapo ndipo mapenzi yalipofurika. Wakabomoa ukuta, wakamtoa, wakamwosha kwa maji ya moto. Wakafungua sanduku la kanisa, wakatoa hariri nyekundu, wakamzungushia mara saba. Wageni wakaja kutoka mbali, wakapiga magoti, wakaibusu ile hariri. Wazee wakalia kwa sauti mbele yao.

Hadwisa akasimama katikati ya ibada, akasema, "Wazee wangu, hariri hii ilikuwa sandukuni siku zote alizokuwa akitetemeka. Mbona mlimnyima hata blanketi?"

Wakamshika mkono, wakamtoa nje, eti anamtukana mtakatifu.

Nanyi mnaotikisa vichwa hapa mbele yangu, msijitoe. Ni nani huyo nyumbani mwenu anayetetemeka leo hii, ambaye tayari mmempangia mazishi mazuri?