Mkono Ndani ya Kanga

Baba zangu, mama zangu, nipeni masikio kidogo. Alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akikanda unga katika kiwanda cha mikate. Alikanda miaka kumi na miwili, mpaka asubuhi moja mashine ikamvuta mkono wa kulia na kumsaga vidole. Kwa nje mkono ulipona, lakini haukushika tena kitu, hata kijiko.

Sheria ilimpa haki ya malipo ya ulemavu kila mwezi, naye akaomba. Akaitwa mbele ya jopo la madaktari watatu, akahojiwa, akarudi nyumbani na matumaini tele. Baada ya miezi miwili ikaja barua: ombi limekataliwa. Kama hakuridhika, akate rufaa ndani ya siku thelathini.

Wakili atampata wapi? Ofisi ya kwanza aliambiwa wakili kasafiri. Ya pili wakamwambia wao ni kesi za viwanja tu. Siku ya ishirini na sita jirani yake, muuza vitumbua, akaja mbio, mikono bado imejaa unga wa mchele.

"Shoga, vaa twende. Yuko wakili pale ofisi ya kata, anasikiliza watu bure."

"Wakili wa bure? Ana akili timamu huyo?"

"Akili tutamkagua tukifika. Vaa."

Moyo wa yule mama ulidunda kama wa bibi harusi. Akatoa kanga yake ya sikukuu, mpya kabisa. Jirani akamfunga kilemba, akamfunga na kamba za viatu. Mkono wenyewe mama akauficha vizuri ndani ya kanga, maana alilelewa kwamba si adabu kumtolea mtu kidonda chako. Halafu akashika njia, anakwenda mbio hata jirani akaachwa nyuma.

"Wewe, mashine ilikula mkono au ilikuwekea injini miguuni?"

Wakili alikuwa kijana, rika la mwanawe wa mwisho. Alipowaona alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Jirani akamkabidhi ile barua, wakili akaisoma mpaka mwisho.

"Mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, namshukuru Mungu."

Wakili akarudisha kifuniko kwenye kalamu yake. "Basi mama, nenda nyumbani. Mkono mzuri hauhitaji wakili."

Siku zote hizi za kuhangaika, na leo amempata, anamwambia nenda nyumbani? "Mwanangu, unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Hebu sikiliza." Akaichukua ile barua, akafunua ukurasa wa pili ambao mama hakuwahi kusomewa. "Wameandika hivi: mwombaji aliulizwa hali ya mkono wake, akajibu ni nzuri. Alipoombwa aufunue, alisema wasijisumbue."

Ni kweli, mama alisema hivyo. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mtu mzima, alimsalimu kwa heshima zote. Na wewe ungemjibuje? Ungeanza kumlilia mtu mzima wakati ndiyo kwanza anakukaribisha kiti?

"Mama," wakili akauliza taratibu, "kilemba hicho amekufunga nani?"

"Mimi," jirani akadakia. "Na viatu. Na vitunguu namkatia mimi, hana mkono wa kuvishikia. Mwambie, shoga, au nitasema yote mimi."

Ndipo yule mama akautoa mkono ndani ya kanga, akauweka mezani juu ya zile karatasi, mchana kweupe, mbele ya mtu asiyemjua.

"Mkono umekufa, mwanangu. Nimekanda mikate ya mji mzima, na leo siwezi kujifunga kanga yangu mwenyewe."

Wakili alikwisha shika kalamu, anaandika mbio mbio. "Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayangoja. Siku nne zinatutosha."

Na zilitosha. Siku ya rufaa, jopo lilipomuuliza hali, mama aliufunua mkono kwanza, salamu zikafuata. Malipo yake akapewa.

Haya, sasa ni zamu yetu sisi. Tunaye wa kututetea mbele za Mungu, tena hatuhitaji kumtafuta ofisi hadi ofisi. Lakini tunakwenda kwake na kanga za sikukuu, na akituuliza tunasema vizuri, asijisumbue. Huyu kaficha chuki, yule kaficha kilio cha mwaka mzima. Atatutetea kwa lipi, kama sisi wenyewe tumesema hakuna shida?

Leo asubuhi nilikuwa pale mlangoni nikiwapokea. Niliwaamkia mmoja mmoja, nikawauliza habari zenu. Wote, tangu mzee wa kanisa hadi mtoto wa mwisho, mlinijibu nzuri. Nanyi mkaniuliza zangu, nami nikajibu nzuri. Haikuwa kweli.

Tuinamishe vichwa, tuombe. Safari hii tuanze na mkono.